Tupeane uzoefu: Umefunga safari kwenda kuangalia Bowl ya futiboli ya vyuo vya Marekani, ukakuta nyota wote wameingia mitini

Mnyamwezi_Jax:
Wakuu, salaam. Tangu Desemba 2025 chuo cha Notre Dame waachwe nje ya mchujo wa ubingwa wakasema basi hawachezi Bowl yoyote (zile mechi za mwaliko za kufunga msimu), kidonda changu cha Orange Bowl ya 2023 kimetoneka. Mlioko Florida mnajua ninachosema. Florida State walishinda mechi zote 13, mabingwa wa konferensi (yaani ligi ya vyuo) ya ACC, kamati ya mchujo ikawatosa nje ya timu 4 kwa sababu kwotabeki wao, mrusha mpira mkuu, Jordan Travis alikuwa ameshavunjika mguu kwenye mechi na North Alabama. Nafasi wakapewa Alabama wa konferensi ya SEC, ambao walikuwa wameshafungwa mechi moja. Tangu mchujo huo wa timu 4 uanze, bingwa wa konferensi kubwa ambaye hajafungwa hakuwahi kuachwa kabla ya hapo.

Nikajipa moyo kwamba vijana watamalizia hasira zao kwa Georgia kwenye hiyo Orange Bowl. Nikakata tiketi. Kumbe kila siku ukifungua simu ni habari mpya: Keon Coleman hachezi, Jared Verse hachezi, Trey Benson hachezi, wote wanalinda miili yao kwa ajili ya drafti (pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua vijana wa vyuo), kwotabeki wa akiba naye kaingia dirisha la uhamisho. Nikaona siwezi kuwavunja moyo watoto, tukaenda hivyohivyo hadi Miami Gardens. Mwanangu kavaa jezi ya Coleman, na kila mpira ukirushwa pembeni ananivuta mkono, "Baba, yule ndiye?" Mapumziko 42-3. Mwisho 63-3. Waliokosekana walizidi 20.

Vijana sikuwalaumu siku ile na siwalaumu leo. Umeshinda mechi 13 unaambiwa ligi yako haina uzito, uvunjike goti kwa ajili ya nani? Waliopitia hali kama hii mje hapa.

Omosh_Dallas:
Pole sana ndugu. Mimi TV nilizima kabla ya mapumziko.

Dogo_wa_Atlanta:
Poleni, ila tuseme ukweli. Georgia nao walitoswa siku ileile, kisa kufungwa na Alabama 27-24 fainali ya SEC. Mabingwa wa 2021 na 2022 wameachwa, na bado wakaja wakapiga kazi. Ndiyo maana SEC inaheshimiwa.

Buckeye_Mswahili:
Nyota wenu Brock Bowers aligusa mpira siku hiyo? Na hiyo heshima ya SEC ilikuwa wapi Tennessee walipokuja kwetu Ohio State, hapa Columbus, Desemba 2024 wakala 42-17? Nilikuwa jukwaani, baridi inakata masikio, ikifika robo ya pili mashabiki wao wameshanyamaza. Ubingwa wa msimu wa 2023 Michigan, 2024 Ohio State, 2025 Indiana. Wote wa konferensi yetu, Big Ten.

Dogo_wa_Atlanta:
Na Cotton Bowl ya Desemba 2023? Missouri 14, nyie 3. Tachidauni, kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, hata moja hamkupata.

Buckeye_Mswahili:
Nyota wetu Marvin Harrison Jr. hakucheza, kwotabeki Kyle McCord alikuwa anahamia Syracuse. Ile haikuwa timu yetu.

Mnyamwezi_Jax:
Hapo ndipo ninapopataka mimi. Big Ten na SEC wakikosa watu, "haikuwa timu yao". Florida State wakikosa watu, ni uthibitisho kwamba ACC ni dhaifu. Tangu usiku ule ile 63-3 inatajwa kila konferensi zikilinganishwa, na hakuna anayekumbuka nani alikuwa uwanjani.

Mzee_Kibanda:
Vijana, mnaanza hadithi katikati. Mzizi wake ni Fiesta Bowl ya Januari 1, 2016. Jaylon Smith wa Notre Dame, beki aliyetajwa kati ya wa juu kabisa kwenye drafti, aliharibika goti dhidi ya Ohio State hadi mshipa wa fahamu ukaguswa. Akashuka mpaka nafasi ya 34, Dallas ndio wakamchukua. Mwaka huohuo mwishoni Christian McCaffrey wa Stanford akasema Sun Bowl hachezi, na Leonard Fournette wa LSU akaigomea Citrus Bowl. Walitukanwa sana wale watoto, waliitwa wasaliti. Drafti ilipofika Fournette akawa wa 4, McCaffrey wa 8. Na Jake Butt wa Michigan, aliyecheza Orange Bowl Desemba hiyohiyo, akakatika kano ya goti (ACL) akaangukia raundi ya 5. Baada ya hapo ungemwambia nini mtoto wa mtu?

Omosh_Dallas:
Ungemwambia acheze basketiboli.

Ndugu_Ames:
Mimi nilikuwa upande wa pili, na furaha yangu imeingia doa mpaka leo. Sisi Wakongo wa hapa Iowa tulikusanyika kwa jirani kuangalia Pop-Tarts Bowl ya Desemba 2024, Iowa State na Miami. Kwotabeki wa Miami, Cam Ward, akatupiga nusu ya kwanza yote, akavunja na rekodi ya tachidauni za kurusha, halafu nusu ya pili akakaa benchi. Tukashinda 42-41, mara ya kwanza Iowa State kufikisha ushindi 11 kwa msimu. Kesho yake kazini naambiwa, "Mlimfunga kwotabeki wa akiba." Ward akaenda kuwa namba 1 wa drafti. Sasa ushindi wetu tuuweke wapi? Na mwaka uliofuata kocha akaondoka, timu ikakataa Bowl kabisa, konferensi yetu ya Big 12 ikatoza faini ya dola 500,000.

Buckeye_Mswahili:
Huyo Ward ndiye mwenye akili. Cheza nusu, chukua rekodi, kaa chini.

Mzee_Kibanda:
Nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Ama ingia ama usiingie.

Mama_Z_Houston:
Wanangu, nimesoma yote nikashindwa kunyamaza. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelea wanangu hapa Texas. Kijana wangu wa pili alicheza futiboli chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwenye konferensi ambayo watangazaji wanaitaja kwa kucheka. Alikuwa beki wa kati. Mwaka wake wa mwisho walianza kuja wale watu wa NFL na saa zao za kupimia mbio, wakamwambia raundi ya 4 inawezekana, ila kila mmoja anarudia neno lilelile: "Hujakutana na watu wakubwa." Takwimu zake hazikuhesabiwa kwa sababu ya ligi aliyomo.

Bowl ikawapanga na timu ya konferensi kubwa. Goti lake la kulia lilikuwa limeshavimba tangu Novemba, nilimwona nyumbani siku ya Thanksgiving anashuka ngazi kinyumenyume. Nikamwambia, mwanangu, si wale wa televisheni wanakaa nje, nawe kaa. Akanijibu, "Mama, wale wana jina. Mimi hii ndiyo mechi yangu ya kupata jina."

Nikaenda. Uwanja nusu mtupu, wa upande wa pili wamekuja na vijana wa mwaka wa kwanza, maana nyota wao wamegoma. Yule mshambuliaji mwanangu aliyetaka kujipima naye alikuwa amesimama pembeni na koti na simu mkononi. Robo ya tatu mwanangu akamkamata mtu, mwenzake akaanguka nyuma ya mguu wake. Hakupiga kelele. Aliinua mkono mmoja tu, akaushusha. Nilishuka zile ngazi sijui kwa miguu ya nani, mlinzi akanizuia kwenye kamba, nikawa namwangalia daktari ameshika ule mguu anauvuta mbele, unakuja tu, hauna kizuizi. Kano mbili zilikatika.

Upasuaji chuo kililipa. Siku tatu za drafti alikaa chumbani na simu, haikulia. Timu moja ikamwita majaribio, ikamrudisha kwa sababu ya goti. Sasa anafundisha michezo shule ya sekondari, na anasema angecheza tena ile mechi. Ni haki yake kusema hivyo. Lakini mimi nikimsikia mtangazaji aliyevaa suti anawaita watoto wa watu wabinafsi, natoka sebuleni.

Omosh_Dallas:
Mama, pole sana. Sina la kuongeza.

Ndugu_Ames:
Pole Mama. Mungu amjalie huyo kijana.

Dogo_wa_Atlanta:
Pole Mama, na shikamoo. Kwa heshima zote, kuumia kunatokea hata mazoezini. Willis McGahee wa Miami goti lilivunjika kwenye Fiesta Bowl ya 2003 dunia nzima ikiona, bado Buffalo wakamchukua wa 23. Na chuo kimekulipia masomo, kuna deni la kumaliza msimu na wenzako.

Buckeye_Mswahili:
Deni gani tena dogo? Kocha Brian Kelly aliiacha Notre Dame mwishoni mwa Novemba 2021 akaenda LSU kabla ya Bowl. Novemba 2025 kocha Lane Kiffin akaiacha Ole Miss inaelekea kwenye mchujo, akaenda LSU hiyohiyo. Hao ni watu wazima wenye mikataba ya mamilioni. Deni linamhusu mtoto wa Mama Z peke yake?

Dogo_wa_Atlanta:
Makocha nao nawalaumu. Kosa la kocha halifanyi la mchezaji kuwa sawa. Travis Hunter na Shedeur Sanders wa Colorado walicheza Alamo Bowl ya Desemba 2024, wakachapwa na BYU 36-14, na Hunter bado akaenda namba 2.

Mnyamwezi_Jax:
Sanders akaangukia raundi ya 5.

Dogo_wa_Atlanta:
Si kwa sababu ya Bowl!

Mzee_Kibanda:
Acheni kidogo. Alichosema Mama ndicho kitu chenyewe. Fournette wa SEC anaweza kukaa nje, jina la ligi linamsemea. Kijana wa konferensi ndogo hana wa kumsemea, ndiye anayebaki kubeba hizo Bowl kwa magoti yake. Mtoto wa dada yangu yuko hukohuko kwenye ligi ndogo, mwakani ni mwaka wake wa mwisho. Mama, kijana alikuwa na bima ya kufidia akishuka kwenye drafti? Jaylon Smith alikuwa nayo.

Buckeye_Mswahili:
Mzee, asicheze. Hamna cha bima.

Ndugu_Ames:
Acheze, ila goti likipimwa kwanza na daktari asiyelipwa na timu.

Mama_Z_Houston:
Hakuwa nayo, baba. Tuliulizia Novemba, goti likiwa limeshavimba, wakakataa kulikatia. Mwambie dada yako aulize mapema, kabla msimu haujaanza, na asome maandishi madogo: kuna bima inayolipa mtu akishindwa kucheza maisha yake yote, na kuna inayofidia kushuka kwenye drafti. Ni mbili tofauti. Nasi tulidhani ni moja.

Mzee_Kibanda:
Nimemtumia dada sasa hivi. Ahsante, Mama.