Jicho kavu la mbwa: siklosporini, seramu au seli shina?

MamaSimba: Wakuu, naombeni mawazo. Mbwa wangu, koka wa miaka sita, kila asubuhi anaamka na tongotongo nzito za kijani, kope zimegandana. Dokta kamning'inizia kile kikaratasi cha kupima machozi kwenye kope la chini kwa dakika moja: kulia milimita 6, kushoto 9. Kaandika siklosporini ya kupaka. Shemeji yuko Marekani, anasema kuna seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine; unachoma, halafu dawa unaachana nayo. Wengine wanasifia seramu. Nishike lipi?

Jembe_Kigamboni: Siklosporini, dada. Mara nyingi kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia tezi za machozi, na dawa hiyo inaituliza. Unapaka mara mbili kwa siku, na nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ubaya ni mmoja: ukiacha, ukavu unarudi. Pangia bajeti.

vet_moshi: Naunga mkono. Kwa kawaida kikaratasi hulowa milimita 15 au zaidi. Chini ya 5 ndiyo hali mbaya. Kwa 6 na 9 huenda tezi bado zina uhai, usipoteze muda.

Seramu ni habari nyingine. Damu ya mbwa inazungushwa kwenye mashine, maji ya juu yanakuwa matone. Husaidia kidonda cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kufunga, ila sitegemei yafufue tezi. Tena hayana kihifadhi: yakikaa nje ya friji, unamtilia bakteria jichoni.

Kaka_Nakuru: Na hizo seli shina ni porojo?

vet_moshi: Si porojo. Mwaka 2015 watafiti wa Hispania walichapisha kazi ya mbwa 12 walioshindikana kwa dawa za kawaida. Walichomwa seli zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili, kuzunguka tezi, wakafuatiliwa miezi 9, na machozi yaliongezeka. Lakini mbwa 12 ni wachache, na kuotesha seli kunataka maabara ya maana. Hiyo ni ya aliyeshindikana, huyu hata hajaanza dawa. Dada, amewahi kupewa dawa ya salfa, ile ya kuua bakteria, karibuni? Nazo hukausha macho.

MamaSimba: Mwezi wa tatu aliharisha, akapewa vidonge. Ngoja nitafute boksi.

MamaSimba: Nimelipata. Ni salfa, dokta. Kesho asubuhi nalipeleka kliniki kabla sijafungua hiyo siklosporini.

vet_moshi: Lipeleke, ila siklosporini anza usiku huu.