Hawa kujitenga na Adamu bustanini imetoka wapi, Ellen White au Milton?

Mgogo_Makole
Wakuu habari za jioni. Niko Makole hapa Dodoma, Msabato wa kuzaliwa, naomba msinirushie mawe kwanza. Sabato iliyopita kwenye lesoni mzee wa kanisa kauliza, nyoka alimkuta Hawa yuko na nani? Darasa zima tukajibu kwa sauti moja, "alikuwa peke yake, alijitenga na mumewe wakiwa kazini", maana ndo tumekua tukisikia hivyo. Kuna dada mmoja mgeni, wala sio Msabato, akasema nionyesheni aya. Tukafungua Mwanzo 3 tukapekua weee, hakuna. Mzee akasema ipo kwenye Roho ya Unabii, yaani maandiko ya Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu tunayemwamini kuwa nabii, na kweli ipo, kwenye kile kitabu cha 1890 cha mababu na manabii, malaika wanamwonya Hawa asijitenge na mumewe kwenye kazi zao za kila siku.

Nimefika nyumbani namsimulia mdogo wangu anayesoma fasihi UDOM, akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa fotokopi ya Paradise Lost ya John Milton, ule utenzi wa Kiingereza wa 1667, sehemu ya tisa. Nimesoma na dikshenari pembeni, Hawa anamwambia Adamu leo tugawane kazi kila mtu na upande wake, Adamu hataki, wanabishana kurasa na kurasa, mwisho anamwachia aende. Dah. Hii imekaaje?

Zabibu_Kavu
Hilo swali la zamani mkuu. Baada ya maono ya Ellen White mwaka 1858 kule Lovett's Grove, Ohio, J. N. Andrews, mhubiri wa Kisabato, alimsikia akiyaelezea akamuuliza, hivi umewahi kumsoma Milton? Akasema hapana. Andrews akamletea nakala, mama wa watu akaipandisha kwenye shelfu ya juu kabisa hataki kuifungua mpaka amalize kuandika alichoonyeshwa. Mjukuu wake ndo kasimulia. Kesi imefungwa.

Bint_Mpwapwa
Haijafungwa hata kidogo 😄 Kwanza msimuliaji ni mjukuu, ulitegemea aseme bibi alikopi? Ila tufanye ni kweli, shelfu inasaidia nini? Mwambie mtoto yeyote wa Sunday school hapa Dom akuchoree Edeni, atachora epo. Mwanzo imetaja tunda tu, na huyo mtoto hata epo lenyewe anakula Krismasi, nani kamfundisha? Imo hewani. Ellen alizaliwa 1827 kule Maine, wazazi wake Wamethodisti, na John Wesley mwenyewe mwanzilishi wao alichapisha Paradise Lost iliyofupishwa mwaka 1763 ili watu wa kawaida waielewe. Sasa binti aliyekulia kwenye mahubiri ya watu hao, hata shule aliacha akiwa na miaka kama 9 baada ya kupigwa jiwe usoni, Milton angemkwepea wapi? Angemsikia kwenye mimbari bila hata kujua anaitwa Milton.

Mzee_wa_Union
Dada umeongea, ila mambo mengine wote wawili wameyachota kisima kimoja. Kwamba Adamu hakudanganywa, alikula akijua, hiyo ipo 1 Timotheo 2:14. Hilo la kujitenga ndo gumu, maana Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inasema "akampa na mumewe, naye akala" basi, lakini King James, Biblia ya Kiingereza aliyokuwa anaisoma Ellen, inasema mume alikuwa pamoja naye. Kwahiyo hapo Biblia yake ilikuwa inamvuta upande mwingine, na bado kaenda kwa Milton.

Halafu angalieni tofauti. Kwa Milton kuna ugomvi wa mke na mume, Hawa anaondoka kwa makusudi. Kwa White hakuna kelele, kanogewa na kazi anajikuta kafika mbali bila kujua. Mtu anayekopi neno kwa neno asingeacha ule ugomvi, ndo utamu wenyewe. Na Wasabato hawajalificha hili, Pacific Union College ambacho ni chuo chao kuna tasnifu ya 1957 inayolinganisha hawa wawili kwenye habari ya anguko.

Mgogo_Makole
Asanteni sana, hiyo ya Wesley sikuwa naijua kabisa. Jana nimempelekea mzee fotokopi, kavaa miwani kasoma mistari kama mitatu hivi, kasema Kiingereza chake kigumu nimwachie wiki mbili. Naaga natoka namwona anaiweka juu ya kabati.

Bint_Mpwapwa
😂😂😂 Andrews wa Makole