MREJESHO: Yule chura mdogo wa kwenye matete

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu chura mdogo wa kahawia mwenye michirizi miwili mipana ya rangi ya fedha mgongoni, anayeshinda kwenye matete. Mimi nilishajiaminisha ni Hyperolius, jenasi moja ya vyura wa matete.

Aliyesema nipige picha ya jicho kwa karibu, asante sana mkuu. Mboni imesimama wima kama ya paka, wakati ya Hyperolius hulala. Kumbe ni Afrixalus, jenasi ya vyura wanaokunja majani, na kwa michirizi ile pamoja na vijiba mgongoni, ni Afrixalus fornasini.

Ushauri wa kutafuta majani yaliyokunjwa nao ulilipa: nikayapata matatu! Mayai hutagwa juu ya jani, kingo zikakunjwa na kugandishwa kwa ute, kama barua ndani ya bahasha. Hapo nikaharibu. Moja nililifungua kwa kiherehere, halikushika tena, mayai yakakauka. Mawili niliyoyaacha yaliachia yenyewe, viluwiluwi wakadondokea majini.

Kurekodi sauti yake kumenishinda. Nikisogea tu na tochi, kimya.