Nuremberg msimu wa Krismasi: tufike lini, na tutazame nini?

BintiKibokoni ameuliza:

Assalamu alaykum, na salamu za heri kwa wenzetu wote. Kaka yangu anafanya kazi Erlangen, kusini mwa Ujerumani, naye ametualika mimi na mama yetu tukamtembelee mwezi wa Desemba. Kutoka kwake hadi Nuremberg ni mwendo mfupi wa treni. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Mombasa, nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, na mji huo ndio ninaoutamani kuliko mingine yote ya huko, kwa sababu nimesoma kwamba ngome na kuta zake za zamani bado zimesimama na kwamba soko lake la Krismasi ni miongoni mwa masoko yenye sifa kubwa barani Ulaya.

Tulikuwa tumepanga kuondoka tarehe 22 na kurudi baada ya mwaka mpya, kwa kuwa hapa kwetu hizo ndizo siku ambazo mji huchangamka, wageni wa bara wakajaa kwenye treni na ufuoni. Kaka anaona afadhali tungoje kiangazi, kwa ajili ya baridi. Shule zimefungwa, hivyo tarehe naweza kuzibadili. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kufika: je, sisi ambao Krismasi si sikukuu yetu tutapata cha kutufaidi? Na zaidi ya soko, ni kipi katika mji huo ambacho mtu wa historia hapaswi kukikosa? Mama amepita miaka sabini na magoti yanamsumbua, naomba hilo nalo mlizingatie.

MwanaWaTudor amejibu:

Mwalimu, nilisoma katika chuo kikuu cha huko kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza ninalokusihi ni kuzirudisha nyuma tarehe zako. Ukifika tarehe 23 utakuwa umefika karamu inapokunjwa. Kwa Wajerumani msimu wenyewe ni majuma manne ya Majilio yanayotangulia Krismasi. Soko la Nuremberg, liitwalo Christkindlesmarkt, hufunguliwa Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani mwisho wa Novemba au mwanzo kabisa wa Desemba, na hufungwa tarehe 24 mchana. Siku hiyo maduka nayo hufunga mapema, watu huelekea makwao, na jioni yake ndiyo sikukuu yenyewe, inayosherehekewa ndani ya nyumba pamoja na jamaa. Tarehe 25 na 26 ni siku za mapumziko, maduka hayafunguliwi, na mgeni asiye na mwenyeji huzunguka katika barabara tupu. Ninyi mna kaka, hamtakuwa wapweke, lakini mji mliokwenda kuuona hamtauona.

Kama ingekuwa shauri langu, mngefika juma la pili la Desemba, na mngekwenda sokoni Jumatatu hadi Alhamisi. Mwisho wa juma watu husongamana katika uwanja wa Hauptmarkt kiasi kwamba mtu mzima mwenye magoti mabovu hawezi kusimama kwa raha, seuze kutazama kitu. Vibanda ni vya mbao, vimeezekwa kwa vitambaa vya mistari myekundu na myeupe, na vinauza mapambo ya mti, vinyago vidogo vya watu vilivyotengenezwa kwa matunda makavu, mikate ya viungo na vinywaji vya moto. Wenye mji hawaruhusu soko hilo ligeuke mnada wa kila bidhaa, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoliwezesha kudumu. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayolitaja ni ya mwaka 1628.

Jambo jingine ambalo watu wa Pwani hatulifikirii ni mwanga. Katikati ya Desemba jua huchomoza huko karibu saa mbili asubuhi na kutua mnamo saa kumi na robo alasiri. Kwa hiyo asubuhi na mchana vitengeni kwa kuta, makanisa na ngome, na soko mliache hadi giza linapoanza kuingia na taa zote kuwashwa. Kiangazi kina uzuri wake, kaka hakukosea, ila soko hilo halipo.

MzeeWaKizingo amejibu:

Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza la historia, kwa sababu wageni wengi huingia uwanja ule, wakala, wakapiga picha, wakatoka bila kujua wamesimama juu ya nini. Upande wa mashariki wa Hauptmarkt utaliona kanisa liitwalo Frauenkirche, lililojengwa kwa amri ya Mfalme Karl wa Nne katikati ya karne ya 14. Mahali hapo palikuwa na sinagogi na mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349, kwa idhini ya mfalme huyohuyo, mtaa ulivunjwa ili kupatikana nafasi ya soko, na Wayahudi zaidi ya 500 wakauawa. Nakuomba ulijue hilo kabla hujafika, na wanafunzi wako walijue pia, maana uzuri wa uwanja ule na damu ile ni historia moja. Kwenye uso wa kanisa kuna saa ya mwanzoni mwa karne ya 16 ambayo kila siku saa sita mchana hutoa sanamu za wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme, wakimzunguka mfalme huyo, kuadhimisha Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356, iliyoweka utaratibu wa kumchagua mfalme wa Dola Takatifu ya Kirumi, yaani dola iliyotawala nchi za Wajerumani zama hizo. Hati hiyo iliagiza pia kwamba kila mfalme mpya afanye baraza lake la kwanza Nuremberg. Simameni hapo dakika chache kabla ya saa sita.

La pili ni kwamba ukongwe unaouona huko una mshono. Usiku wa tarehe 2 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliupiga mji kwa mabomu, na karibu mji wa kale wote ukawa kifusi. Kilichofuata ni uamuzi wa wenye mji: walifuata ramani ya mitaa ileile ya kale, wakarudisha makanisa makuu na ngome jiwe kwa jiwe, na nyumba za kawaida wakazijenga upya kwa umbo la kiasi, zenye mapaa ya mwinamo kama ya zamani lakini bila kujifanya za karne ya 15. Tukizungumzia Mji wa Kale wetu, ambapo nyumba ya matumbawe ikianguka mahali pake hupanda ghorofa za zege, mfano huo unastahili kutazamwa kwa makini na mtu kama wewe. Nyumba ya mchoraji Albrecht Dürer, aliyoishi kuanzia 1509 hadi alipofariki 1528, ipo karibu na lango la Tiergärtnertor, na pale utapata picha ya nyumba ya mji ule ilivyokuwa enzi zake. Chini ya mlima wa ngome kuna mapango yaliyochongwa katika mwamba, ambamo wakati wa vita zilifichwa kazi za sanaa zenye thamani kubwa, na ndiyo sababu nyingi zimesalimika.

Sasa nakuja kwenye lililonigusa zaidi mimi binafsi, mtu wa Mombasa. Katika jumba la makumbusho la Germanisches Nationalmuseum limehifadhiwa tufe la dunia lililotengenezwa Nuremberg kati ya 1490 na 1492 chini ya usimamizi wa Martin Behaim, nalo ndilo la kale zaidi duniani lililosalia. Amerika haimo. Lilichorwa miaka michache tu kabla Vasco da Gama hajatia nanga mbele ya mji wetu mwaka 1498, na ukilitazama unaona jinsi Ulaya ilivyokuwa ikiipapasa Bahari ya Hindi gizani. Haikupita miaka mingi, nyumba za biashara za Imhoff na Hirschvogel za Nuremberg, pamoja na matajiri wa Augsburg, mji mwingine wa Ujerumani, zikatia mtaji katika msafara wa Mreno Francisco de Almeida ulioondoka Lisbon mwaka 1505. Msafara huo ndio uliopora Kilwa, na Agosti mwaka huo ukaiteketeza Mombasa. Mjerumani mmoja aliyekuwamo, Hans Mayr, ameacha maelezo ya tukio hilo, na anazitaja nyumba za ghorofa zilizopakwa chokaa na njia nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupita sambamba. Wewe uliyekulia Kibokoni utazitambua njia hizo. Biashara ya pilipili manga, iliyofuatwa na misafara kama huo, ilitajirisha mji ule, na sehemu ya gharama yake ililipwa hapa. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu, kwa hiyo chagua siku nyingine.

UmmuAiman_Bamburi amejibu:

Wa alaykumu salaam dada yangu. Wenzangu wamemaliza ya historia, nami nitasema ya tumbo na mwili. Soseji ndogo za kuchoma ambazo mji huo unasifika kwazo ni za nguruwe, na harufu yake imetanda soko zima, basi mjue mapema msije mkanunua kwa kudhani ni za ng'ombe. Mvinyo wa moto wenye viungo unauzwa karibu kila kona, ila pembeni yake mara nyingi pana kinywaji cha moto cha maji ya matunda kisicho na kileo, kiitwacho Kinderpunsch. Uliza kwa jina hilo. Bei huwa na amana ya kikombe ndani yake, nawe ukirudisha kikombe unarudishiwa pesa. Mkate wa viungo, Lebkuchen, hutiwa asali, lozi, mdalasini, karafuu na iliki, na mama akiuonja atahisi ladha ya jikoni kwake. Ule wa daraja la juu, Elisenlebkuchen, hauruhusiwi kuwa na unga zaidi ya asilimia 10. Soma maandishi ya pakiti au muulize muuzaji kuhusu viambato vingine.

Sala pia zipangieni. Adhuhuri huingia saa sita na dakika chache, alasiri karibu saa nane, na magharibi ndiyo hiyo saa kumi na robo, kwa hiyo mchana wenu ni mfupi mno, na ukisema uzungukie mji kwanza utapitwa.

Makoti msinunue dukani. Nendeni mitumba ya Kongowea asubuhi siku mzigo unapofunguliwa, mtapata koti zito la sufu kwa bei nafuu. Viatu ndivyo msivibanie pesa: mawe yaliyotandazwa barabarani huwa na unyevu na utelezi, na mama anahitaji soli nene yenye meno. Na viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, isichelewe. Ombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000. Mwambieni kaka aende ofisi ya wageni ya mji anaoishi, achukue hati rasmi ya kujitolea kuwagharimia.

BintiKibokoni amejibu:

Shukrani za dhati kwenu nyote. Nimezungumza na kaka na tumekubaliana kufika tarehe 8 na kuondoka tarehe 22, soko tulitembelee siku za kati ya juma. Mzee wetu wa Kizingo, habari ya mwaka 1505 nilikuwa nikiifundisha kwa upande wa Wareno peke yao. Sasa nitaisoma upya kabla ya kusafiri. Limebaki moja: ngome ipo mlimani. Je, mama ataweza?

MwanaWaTudor amejibu:

Kwa miguu kutoka sokoni, hapana, mteremko ni mkali na mawe yake si sawa. Chukueni teksi hadi karibu na Tiergärtnertor, mtembee polepole kutoka hapo, na mpumzike njiani. Kuingia uani na kusimama kwenye ukingo wa ngome hakulipiwi, na kutoka pale mapaa yote ya mji wa kale yanaonekana. Ndani ya ngome kuna kisima kilichochimbwa kwenye mwamba, chenye kina cha karibu mita 50. Wewe nenda ukakione pamoja na watembezaji wa pale, na kaka akae na mama mahali penye joto. Mkipata siku ya ziada, pandeni treni hadi Bamberg, ni chini ya saa moja. Mji huo haukuharibiwa sana vitani, umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1993, na katika msimu huu makanisa yake hupanga sanamu za kuzaliwa kwa Yesu ambazo watu husafiri mbali kwenda kuzitazama. Sehemu ya chini ya mji, kando ya mto, ni tambarare, na mama hatapata taabu.