Wahadhiri wa sheria wanaandika nini, na sisi wa mwaloni tunakipataje?

KatibuIgombe ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wachakataji wa dagaa kwenye mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) wa Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza. Juzi nilikwenda chuo kimoja kumpelekea binti yangu ada, nikasimama mbele ya ubao wa matangazo wa kitivo cha sheria. Pale palibandikwa shughuli za wahadhiri za miezi ya karibuni: makala kwenye majarida, mada kwenye makongamano na maoni waliyowasilisha kwa kamati za Bunge. Makala mojawapo ilihusu fukwe za ziwa na katazo la shughuli ndani ya mita 60 kutoka majini, jambo ambalo limetukosesha usingizi tangu tulipoambiwa tuziondoe chanja zetu za kuanikia dagaa. Nilipoomba nakala nilielezwa kwamba iko kwa Kiingereza na kwamba jarida lenyewe linauzwa nje ya nchi. Naomba kujua kama kazi hizi huwafikia wananchi kwa njia yoyote, na sisi tufanyeje ili tuzipate.

WakiliNyamagana amejibu:

Ndugu Katibu, swali lako ni zito, na lina historia. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na kabla muongo huo haujaisha kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria na jarida lake la sheria. Kuandika na kuhudumia watu vilikwenda pamoja. Profesa Issa Shivji alipoongoza Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi mwaka 1991 na 1992, wajumbe walizunguka nchi wakiwasikiliza wanavijiji, na ripoti yao ikawa sehemu ya mjadala uliozaa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Pendekezo lao kubwa, la kuiondoa mamlaka ya juu ya ardhi mikononi mwa Rais, halikukubaliwa. Hata hivyo hoja zao tunazitumia mpaka leo. Mimi naipima kazi ya mhadhiri kwa swali hili: alimsikiliza nani kabla ya kuandika?

MhadhiriMsaidizi amejibu:

Ndugu Katibu, nafundisha sheria ya mazingira, na lawama hii naipokea. Mhadhiri hupandishwa daraja kwa makala zilizohakikiwa na wataalamu wenzake, na majarida mengi ya namna hiyo ni ya Kiingereza. Siku nzima anayokaa mwaloni akieleza sheria haihesabiwi sana, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Kuhusu chanja zenu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ufukwe. Hakisemi kwamba kila kitu kilichoko ufukweni kiondoke. Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi kwenye mwalo mmoja, mzee akatuazima kamba ya nyavu, tukapima kuanzia maji yanapogusa mchanga. Mita 60 ziliishia nyuma ya chanja, karibu na tanuri la kubanikia samaki. Kisha mzee akatuonyesha gogo la mwembe lenye alama ya maji ya mwaka 2020, ziwa lilipojaa kupita kiasi, akauliza: tuanzie hapa au kule? Darasa zima lilinyamaza, nami nikiwemo. Swali lile ndilo ninaloliandikia sasa, na safari hii nitaandika muhtasari wa Kiswahili.

MamaSengerema amejibu:

Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo, ila muhtasari peke yake hautoshi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na ninachokijua nilikisikia kwa masikio. Miaka kadhaa iliyopita mhadhiri mmoja alitufundisha kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza mwaka 1990, ambapo mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake alitambuliwa kuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Alitusimulia mwanzo hadi mwisho: nani alishtaki, mahakama ya mwanzo ilisema nini, jaji akaegemea wapi kwenye Katiba. Tangu siku hiyo nimeisimulia kwa wajane wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ningepewa karatasi tu, ingekuwa imeliwa na mchwa.

KatibuIgombe amejibu:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, usisubiri makala ikamilike. Njoo na wanafunzi wako siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, maana ndipo watu wote wanakuwa nchi kavu na wana nafasi ya kukaa. Nimezungumza na mwenyekiti wa mtaa, naye amekubali kutoa kivuli cha ofisi yake. Mama Sengerema, nawe karibu. Kamba tunayo, na alama ya maji ya mwaka 2020 bado inaonekana kwenye ukuta wa ghala letu.