Winchi za kufungia meli: kwa nini tusiziache kwenye otomatiki?

Kadeti_Tanga: Shikamooni wakubwa. Niko meli ya makontena, tumefunga gati Kilindini. Winchi zetu zina otomatiki: kamba ikilegea zinavuta, ikikaza zinaachia. Chifu ofisa ameikataza kabisa, usiku tunaamka kurekebisha kamba wenyewe. Kama mashine inaweza, kwa nini tuhangaike?

Serahangi_Mstaafu: Marahaba mwanangu. Chifu wako yuko sahihi, msikilize. Ikiwa otomatiki, kinachoshika meli ni mota, na nguvu ya mota ni ndogo mno mbele ya breki. Sasa tazama: upepo unasukuma meli kurudi nyuma. Winchi ya omo, yaani mbele ya meli, inazidiwa, inaachia kamba. Ya tezi, yaani nyuma, inakuta kamba yake imelegea, inavuta! Inausaidia upepo. Meli inatambaa gatini taratibu, ngazi inaburutwa, na hakuna aliyegusa kitu.

Kamba ikishakaa sawa, kaza breki, toa klachi. Ukiiacha klachi ndani, mzigo mkubwa utakwenda kwenye gia na mota. Breki yenyewe hupimwa iteleze kamba ikifikia asilimia 60 ya nguvu ya kuikata. Kamba inayokatika kwa tani 60, breki inaachia kwenye tani 36. Iache iteleze, maana kamba ikikatika hurudi kwa kasi ambayo jicho halioni, na inaua. Usisimame wala kupita ilipo kamba iliyokaza, hata kama una haraka.

Na hapo Kilindini, bamvua, yaani maji makubwa, ikifika maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakijaa huku mnashusha makontena, meli inapanda kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mnaamshwa.

Deki_Tanka: Naongeza, kaka. Angalia kamba imezungushwa upande gani kwenye ngoma, ile pipa la winchi. Breki ya mkanda inashika vizuri upande mmoja tu. Ukizungusha kinyume inapoteza nguvu nyingi. Kama ngoma imegawanywa mara mbili, upande wa kuvutia weka tabaka moja tu la kamba, nyingine ikae upande wa kuhifadhia. Tabaka zikipandana, breki inashika kidogo zaidi.

Kadeti_Tanga: Asanteni sana. Leo nina zamu ya usiku, maji yatakuwa yanajaa. Nianze na kamba zipi?

Serahangi_Mstaafu: Anza na fupi, za ubavuni na springi (zinazozuia meli isiende mbele wala nyuma), hizo hukaza mapema kuliko ndefu za omo na tezi. Moja baada ya nyingine, usilegeze mbili pamoja. Mwenzako asimame anapoiona kamba na wewe unamwona. Na tia klachi kwanza ndipo ufungue breki. Ukianza na breki, ngoma itazunguka yenyewe na hutaweza kuisimamisha kwa mkono.