Nataka kufuta somo la uchongaji, mwisho ni Ijumaa. Nishaurini

Kijana_Njiapanda
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni wa Arua, nasoma sanaa mwaka wa pili hapa Kampala, chuo sitakitaja. Muhula huu nina masomo sita, na linaloniua ni moja tu: uchongaji. Ni siku mbili kwa wiki, masaa manne kila siku, lakini kazi haziishi, kuna wanaolala karakana. Dongo najinunulia mwenyewe Kajjansi, gunia napakia kwenye boda, nikifika nimeshapakaa hadi viatuni. Siku hizi sili, silali. Ijumaa ikipita siwezi tena kulifuta, na nikifeli nalirudia kwa kulipia upya. Nifute au nikaze? Nawasilisha.

DadaWaBombo
Pole mdogo wangu. Ni la lazima au la kuchagua? Kama ni la lazima, mwakani utalikuta linakusubiri mlangoni. Mimi nilikimbia ufumaji nikahamia gome la mti wa mutuba, nikidhani ni kupumzika. Thubutu! Kutwa nzima unaligonga gome kwa nyundo ya mti mpaka lipanuke liwe kitambaa. Mkono ulivimba hadi nikala kwa kushoto, mama mkwe akaona nimekosa adabu.

BodaMstaafu
Gunia la dongo ulitozwa kama abiria mmoja au wawili? Mimi niliwahi kubeba sofa kutoka Wandegeya mpaka Kawempe. Kawempe nyumba kwa nyumba naijua.

MzeeWaMbale
Vijana wa leo mnataka cheti bila jasho. Mchongaji Gregory Maloba alitoka Kenya, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, yule mama aliyeanzisha masomo ya sanaa barazani kwake miaka ya 1930. Kazi ya Maloba mnaipita kila siku mjini: sanamu ya Uhuru ya 1962, mama anamwinua mtoto juu. Unadhani alikuwa analala? Kaza.

MamaVigae
Mwanangu, nafinyanga vyungu tangu sijaolewa. Dongo huchosha mgongo, halimnyimi mtu chakula. Karakana kumetokea nini?

Kijana_Njiapanda
Hakuna kitu mama, ni uchovu.

MamaVigae
Haya. Nitakuuliza tena jioni.

Kijana_Njiapanda
Basi, naeleza. Tulipewa kazi ya kichwa cha mtu, ukubwa halisi. Nilichelewa. Kazi za wenzangu zilishapangwa tanurini, nikazisogeza nikaingiza changu. Kwa nje kilikuwa kikavu kabisa. Usiku kikapasuka, kikaondoka na kazi kumi na moja. Dada mmoja alikuwa amemfinyanga marehemu bibi yake. Vigae vimechanganyika na changu sikukiandika jina, kwa hiyo darasani hakuna anayejua. Ni wiki ya tatu sijarudi. Lakini msidhani nakimbia. Nimepata kibarua Nasser Road, napanga kadi za harusi na mabango kwenye kompyuta, na mwenye duka anasema kipaji changu kiko huko. Barua ya kufuta somo nimeshaiandika, haijatiwa saini tu.

BodaMstaafu
Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wewe umemchoma!

MamaVigae
Wengi watakwambia ni hewa iliyobaki ndani. Ni maji. Kichwa kikubwa hukombwa ndani mpaka ukuta ubaki mwembamba kama kidole, kisha hukauka kivulini wiki mbili au zaidi. Huamini macho, unakiweka shavuni: kikiwa bado cha baridi, kina maji. Na hata kikikauka, moto wa kwanza huwa mdogo, saa nyingi, mvuke utoke taratibu. Ukiukimbiza, mvuke hujitafutia mlango wake. Sisi huchanganya na chenga za vigae vilivyosagwa ili dongo lipumue. Mlifundishwa, au siku hiyo hukuwepo?

Kijana_Njiapanda
Tulifundishwa.

KaratasiTupu
Simameni kidogo. Kichwa cha mtu mzima si kikombe cha chai. Mwasha tanuri alifunga mlango asikione? Mtu amejiunga humu jana, amelia aya mbili, mara Nasser Road, mara kadi za harusi. Kesho mtaona namba ya simu. Hili ni tangazo.

MzeeWaMbale
Yaani nimemweleza Maloba mtu ambaye hayupo?

DadaWaBombo
Mimi nilishangaa tangu kwenye bibi. Kila hadithi ya humu lazima iwe na marehemu bibi.

BodaMstaafu
Tangazo au si tangazo, kadi mia mbili ni shilingi ngapi? Binti yangu anaolewa Desemba.

Kijana_Njiapanda
Siuzi kadi! Na fundi alikiona. Aliniuliza kama kimekauka, nikamwambia mwalimu ameshakikagua, ameruhusu.

MamaVigae
Mwalimu aliruhusu?

Kijana_Njiapanda
Hapana.

MamaVigae
Na huyo fundi yuko wapi sasa?

Kijana_Njiapanda
Wamemsimamisha. Tanuri linawashwa na mtu mwingine. Nasikia hakunitaja, labda jina langu halijui. Ndiyo maana nasema nikilifuta somo mambo yatapoa, hata yeye watamrudisha tu.

DadaWaBombo
Watamrudisha nani, na kwa barua ipi? Ile yako ya kujifuta?

MamaVigae
Ana watoto?

Kijana_Njiapanda
Watatu. Anakaa Kawempe, nyumba siijui.

BodaMstaafu
Nipe jina lake faragha, siyo hapa mbele za watu. Nimestaafu lakini pikipiki haijastaafu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko steji ya Wandegeya, nauli sikutozi. Barua yako iache nyumbani.

KaratasiTupu
Mimi bado nasema ni tangazo.

BodaMstaafu
Kesho nitakujulisha. Na hizo kadi bado nazitaka.